Moduli za tayari na bili ya Cape Town

Mtu akisikia kwamba nafanya kazi ya klaudi, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, nikiwa Mbeya, swali linalofuata huwa ni kwa nini sijahamia Dar. Ofisi yetu iko ghorofani, jirani na Mwanjelwa, juu ya maduka ya pembejeo. Tunatengeneza mfumo wa kupima mazao na kuwalipa wakulima kupitia vyama vya ushirika vya msingi, zile AMCOS: kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe, na siku hizi parachichi. Wakulima wako huku, mizani iko huku, na makarani wanaoruka tarakimu wakati wa kuingiza kilo nao wako huku. Kilicho mbali ni seva. Ziko Cape Town, ambako AWS, tawi la Amazon linalokodisha seva, walifungua kanda (eneo la vituo vya seva) yao ya kwanza barani Afrika Aprili 2020. Nikae Posta au nikae Uyole, bado ziko ng'ambo.

Kazi yangu ni kile kinachokaa chini ya mfumo: mtandao wa ndani, ruhusa, kanzidata, nakala za akiba, na njia ya kupandisha toleo jipya bila kuwakatia huduma watu waliopanga foleni kwenye mzani. Kila chama kikubwa kinataka mazingira yake, yaani mtandao, seva na kanzidata zake, yasiyochanganyika na ya jirani. Sababu yake ni ya kibinadamu kabla hata ya kufika kwenye ufundi. Hakuna mwenyekiti anayetaka malipo yake ya msimu yaonekane na chama cha kilima cha pili.

Mazingira mawili ya mwanzo tuliyakuta. Yalijengwa na kampuni nyingine iliyokuwa na mkataba kabla yetu, na yalijengwa kwa kubofya konsoli, ule ukurasa wa AWS wa kusimamia seva, kitufe baada ya kitufe. Kubofya hakuna shida siku ya kwanza. Shida huja chama cha tatu kinaposaini, mkurugenzi akasema "wafanyieni kama wale wa Mbozi", na hakuna anayejua wale wa Mbozi walifanyiwa nini. Tulikuta sheria za fayawoli, ukuta unaochuja nani aingie, zilizofunguliwa kwa dunia nzima, zenye maelezo ya neno moja tu, "muda". Kanzidata moja ilikuwa ikinakiliwa kila usiku, nyingine haikuwa na nakala hata moja. Maelezo ya haya yote yalikuwa kichwani mwa kijana aliyekwishahama kazi, na simu yake alikuwa hapokei. Simlaumu.

Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo kila kitu kiandikwe. Tulichagua Terraform, chombo cha HashiCorp kilichotoka mara ya kwanza 2014. Unaandika unachotaka kiwepo. Chenyewe kinalinganisha na kilichopo, kinakuonyesha kitaongeza nini, kitabadili nini na kitabomoa nini, na ukikubali kinatenda. Tatizo ni kwamba kuandika vipande vyote kwa mkono kunachosha. Mtandao peke yake una subneti (vipande vya mtandao), jedwali za njia, geti la kutokea intaneti, na viunganishi kati ya kila subneti na jedwali lake. Ukisahau kiunganishi kimoja, seva inakaa kimya na hutajua kwa nini.

Moduli za tayari zinaokoa hapo. Moduli ni furushi la msimbo ambalo mtu ameshaliandika, watu wengi wamelitumia, na kasoro zake nyingi zimeshaonekana. Wewe unaliita kwa jina lake na kulipatia thamani chache. Tangu 2017 kuna rejista ya wazi ya kuzipata. Kwa upande wa AWS, zinazotumika sana ni zile za mkusanyiko wa terraform-aws-modules ulioanzishwa na Anton Babenko. Ya kwanza tuliyoichukua ni ile ya VPC, yaani mtandao wa ndani. Tuliandika mistari isiyozidi kumi na tano: jina, safu ya anwani, orodha ya zoni tatu (vituo vya seva vilivyotengana ndani ya kanda), subneti za ndani tatu, za nje tatu, na ndiyo au hapana mbili tatu. Tulipoendesha terraform plan, amri inayoonyesha kitakachofanyika kabla hakijafanyika, ikasema itajenga vitu takriban 30.

Nakumbuka kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, kutoka chuo kikuu cha pale Iyunga, alivyocheka. "Dada, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?" Nikamwambia aichapishe ile plan kwenye karatasi, akae nayo, na kila mstari asioujua aupigie duara. Ilirudi imejaa miduara. Zoezi hilo tumelifanya kwa kila moduli tangu siku hiyo, na kama kuna jambo moja ambalo ningemsisitizia mhandisi anayeanza njia hii, ni hilo. Kasi ya moduli haitokani na mistari uliyoepuka kuiandika, maana kuchapa si kazi ngumu. Inatokana na maamuzi ambayo mtu mwingine ameshakufanyia. Mtu huyo hakuwa Mbeya alipoyafanya, hana habari na bajeti yako, na wala hakuwa na nia mbaya.

Mfano wa geti la NAT unaeleza vizuri. Seva zilizo kwenye subneti za ndani hazionekani toka nje, lakini nazo zinahitaji kutoka mara moja moja, kuchukua masasisho au kuita huduma ya malipo ya simu. Zinatokea kwenye geti la NAT. Moduli ya VPC ukiiambia tu kwamba unataka NAT, bila neno jingine, inajenga geti moja kwa kila subneti ya ndani. Ni uamuzi wa busara kwa benki: zoni moja ikizimika, zoni nyingine mbili zinaendelea kutoka bila kutegemea geti lililokufa. Ila kila geti linalipiwa kwa saa liwe linatumika au limelala, na juu yake kuna malipo ya kila gigabaiti inayopita. Kwa bei ya Virginia, ambayo ndiyo watu huitaja zaidi, ni dola 0.045 kwa saa, sawa na dola 33 hivi kwa mwezi. Mageti matatu yanakaribia dola 100, na Cape Town ni ghali kuliko Virginia. Hiyo ni zaidi ya laki mbili za Kitanzania kila mwezi, kwa mazingira ya majaribio ambayo usiku hakuna hata mtu mmoja anayeyagusa. Zidisha kwa idadi ya vyama.

Dawa yake ni mstari mmoja, single_nat_gateway iwe kweli. Mstari huo uko kwenye maelezo ya moduli na haujafichwa. Mazingira ya majaribio yote tuliyapa geti moja. Ya uzalishaji tuliyajadili moja moja, na vyama viwili vikasema wazi kwamba saa moja ya kusubiri mara moja kwa mwaka si msiba, mradi isiangukie siku ya malipo. Tuliongeza pia njia ya ndani ya kufikia S3, ghala la faili la AWS; njia hiyo AWS hawaitozi, ili nakala za akiba zisipite kwenye geti na kulipiwa gigabaiti kwa gigabaiti. Bili ya mwezi uliofuata ilishuka kiasi cha mhasibu kuja kuuliza kama kuna kitu tumezima.

Safu za anwani ndizo zilizotutesa zaidi, na chanzo chake ni kule kule kuchukua cha tayari bila kukigeuza upande wa pili. Mifano karibu yote ya mitandao ya klaudi, kwenye maelezo ya moduli na kwenye mafunzo, hutumia safu ya 10.0.0.0/16. Ni mfano tu. Waliotutangulia waliinakili jinsi ilivyo kwenye mazingira ya kwanza, wakainakili tena kwenye ya pili. Kila moja likiwa peke yake, mambo shwari. Ikaja siku vyama hivyo viwili vikaamua kuuza kahawa kwa mkupuo mmoja na kutaka ripoti ya pamoja. Mitandao miwili yenye safu moja ya anwani AWS haikubali kuiunganisha moja kwa moja. Haiwezi kujua anwani inayotafutwa ni ya huku au ya kule.

Ilibidi niende Vwawa kumweleza mwenyekiti kwa nini kazi aliyodhani ni ya wiki moja ingechukua miezi. Ni mzee mtaratibu, mkulima hasa, mikono yake inakwambia. Nilimwamkia, akaitika, akaagiza chai, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikata kauli.

"Sasa mwanangu," akasema, "mlinunua dirisha la dukani kabla ya kupima ukuta?"

"Walionunua ni wale waliotangulia, mzee."

"Ukuta ni wangu, lakini."

Sikuwa na la kujibu hapo. Tulijenga mazingira mapya ya chama kimoja pembeni, yenye safu nyingine, tukahamisha kanzidata usiku baada ya msimu kufungwa, na yale ya zamani tukayaacha yakisomwa tu kwa muda kabla ya kuyafuta. Tangu hapo tuna jedwali moja, la kawaida kabisa, linaloonyesha kila chama kimepewa safu gani. Hakuna mtandao unaojengwa kabla jina halijaingia humo. Jedwali hilo halina ufundi wowote, na limetufaa kuliko vitu vingi vya kisasa tulivyosakinisha.

Mwenyekiti huyo huyo aliuliza jambo jingine ambalo wahandisi wengi hatulifikirii tukiwa tunaita moduli: majina ya wakulima wake, namba zao za simu na fedha walizolipwa, vinakaa nchi gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la kisheria hata kama yeye aliliuliza kama mlezi. Kwetu, kanda ikawa thamani ambayo msimbo hauruhusu kuibadilisha kienyeji. Mtu akitaka nakala ya akiba iende Ulaya kwa sababu ni rahisi bei, mfumo unakataa, na inabidi aje kuzungumza na wanaoshughulikia mikataba. Kanda ya Cape Town pia haiwi wazi yenyewe kwenye akaunti mpya; lazima uiwashe kwanza. Ukiita moduli kabla ya kuiwasha utapata makosa ya ruhusa yasiyotaja kabisa jambo hilo, na nimeshaona watu wakihangaika na funguo zao siku nzima.

Haya yote yalitufikisha kwenye uamuzi wa kuandika moduli zetu nyembamba juu ya zile za tayari. Ndani yake tunaita moduli ya VPC, ya kanzidata na ya kontena, yaani vifurushi ambamo programu zetu zinaendeshwa. Nje anayetumia anaona maswali machache tu: chama gani, ni majaribio au uzalishaji, ukubwa mdogo, wa kati au mkubwa. Mengine yote tumeshayaamua. Geti moja au matatu, nakala za siku ngapi, lebo za gharama, kanzidata kufungiwa isifutwe.

Kijana wa mafunzo hakuridhika. "Dada, mbona tunaficha vitu vyote hivi? Mtu akitaka kubadilisha?"

"Atuambie."

"Na mkikataa?"

Swali halali. Tulibishana naye karibu alasiri nzima, na mwisho tukaongeza thamani mbili alizozitetea vizuri. Nyingine nilikataa na bado nakataa. Moduli yenye thamani sitini za kujaza inamrudishia mtumiaji kazi ile ile aliyokuwa akiikimbia, ila sasa kwa majina mengine ambayo hayako kwenye maelezo rasmi ya AWS. Nimeona timu moja kubwa, siitaji, iliyofunga moduli ndani ya moduli ndani ya moduli. Kubadilisha bandari moja ya fayawoli ilihitaji kugusa hazina nne za msimbo na kusubiri vibali vinne. Kule wangekuwa na kasi zaidi kama wangeandika kwa mkono.

Kuna kitu kimoja kuhusu kuzuia ufutaji ambacho si wengi wanakijua mpaka kiwakute. Terraform ina kinga iitwayo prevent_destroy, unaiandika kwenye kitu na inakataa kukibomoa. Kinga hiyo huwezi kuiweka kutoka nje ya moduli ya mtu mwingine. Lazima iwe imeandikwa ndani. Kwa hiyo ukitumia moduli ya tayari kwa kanzidata, usitegemee kinga ya Terraform. Weka ile ya AWS yenyewe, ya kuzuia kufutwa, ambayo moduli inakuruhusu kuiwasha. Kwetu imewashwa daima na hakuna thamani ya kuizima. Anayetaka kufuta kanzidata ya wakulima aende konsoli, aizime kwa mkono wake, jina lake libaki kwenye kumbukumbu.

Matoleo nayo yana vituko vyake. Ukiita moduli bila kutaja toleo, Terraform inachukua la karibuni zaidi. Watu hudhani lile faili la kufuli linalotokea kwenye folda linawalinda. Haliwalindi: linafunga matoleo ya provaida, yaani viunganishi vya kuzungumza na AWS, na haligusi moduli. Laptopu yako ina toleo ulilopakua mwezi uliopita. Seva inayoendesha kazi ikaanza upya leo, ikachukua jipya. Sasa plan mbili za msimbo mmoja zinasema vitu tofauti, na watu wawili wanabishana kila mmoja akiwa mkweli. Sisi tunaandika toleo kamili, namba zote tatu, na kupandisha toleo ni kazi yenye siku yake. Haifanyiki kwa kupitia tu. Moduli ya klasta za EKS (makundi ya seva za kuendeshea kontena) ilipofika toleo la 18, mwanzoni mwa 2022, ilipangwa upya kiasi kwamba waliopandisha bila kusoma walikuta plan inataka kubomoa na kujenga upya vitu vinavyotumika. Terraform ilikuwa imeshaleta njia ya kuiambia kwamba kitu kimehama jina tu na hakijabadilika, kupitia maelezo ya moved ya toleo la 1.1, lakini lazima ujue kipi kilihama kwenda wapi.

Kijana wetu nilimfundisha kutafuta alama moja kabla ya nyingine zote kwenye plan: minasi, mkwaju, jumlisha. Maana yake ni kwamba kitu kitabomolewa na kujengwa upya. Kwenye subneti alama hiyo hutokea kwa sababu ya kuchekesha. Moduli ya VPC inahesabu subneti kwa nafasi yake kwenye orodha. Ukiondoa zoni ya kwanza kati ya tatu, ya pili inakuwa ya kwanza, ya tatu inakuwa ya pili, na Terraform inaona zote zimebadilika. Ulitaka kuondoa moja. Inakwambia itabomoa tatu na kujenga mbili. Kupunguza kufanyike mkiani mwa orodha, na kuongeza vilevile.

Intaneti ya huku ni sura nyingine. Provaida ya AWS ni mamia ya megabaiti ikifunguliwa, na Terraform kwa kawaida huweka nakala yake kwenye kila folda unayoianzisha. Mwenye folda kumi anapakua mara kumi. Kwa bando la simu hilo ni pesa, na jioni mtandao unapozidiwa hilo ni usingizi. Kuna mpangilio mmoja, TF_PLUGIN_CACHE_DIR, unaotenga folda moja ya pamoja, ikishapakuliwa imepakuliwa. Sielewi kwa nini si kawaida tangu mwanzo. Nadhani walioiandika hawajawahi kununua bando la usiku.

Jambo zito zaidi ni kukatika katikati ya kazi. Terraform inatunza faili la steti, yaani kumbukumbu ya kila ilichojenga, na inalifunga kufuli wakati inatenda ili watu wawili wasigongane. Umeme ukikatika Mwanjelwa ukiwa katikati, ruta inakufa, kufuli inabaki imefungwa, na nusu ya vitu vimejengwa bila kuandikwa. Mei 2024 mikongo ya baharini ilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikazorota, ndipo mkurugenzi alipokubali nilichokuwa nikikiomba: laptopu isitende. Sasa laptopu inaandika msimbo na kuusukuma kwenye hazina. Anayetenda ni seva iliyo kule kule Cape Town, karibu na inachokijenga. Sisi tukikatikiwa, yenyewe inamaliza. Kufuli zamani ilihitaji jedwali la DynamoDB, kanzidata ya AWS, pembeni. Tangu toleo la 1.10 la mwishoni mwa 2024 faili ndani ya S3 linaweza kuishika yenyewe, kitu kimoja kimepungua. Na kwa kuwa steti inaandika mpaka nywila za kanzidata bila kuzificha, ndoo inayoitunza, yaani chombo cha faili ndani ya S3, ina watu wachache sana wenye ufunguo.

Suala la leseni nalipitia kwa haraka. Agosti 2023 HashiCorp walibadili leseni ya Terraform, wengine wakajitenga na kuanzisha OpenTofu chini ya Linux Foundation. Ofisini tulilijadili mara moja. Moduli tunazotumia zinafanya kazi pande zote mbili, na matumizi yetu leseni mpya haiyagusi. OpenTofu inaweza kusimba steti yenyewe tangu toleo la 1.7, na hilo pekee linanivutia. Bado hatujahama.

Si kila kitu kinastahili moduli. Ndoo moja ya S3 ya kutunzia picha za risiti tunaiandika kwa mkono. Mistari yake ni michache kuliko thamani za moduli yake. Sheria za ruhusa pia tunaziandika wenyewe, maana hizo ndizo sera zetu, na sitaki sera ya nani anaona malipo ya nani itoke kwa mtu nisiyemjua. Mtandao, kanzidata, kigawanyi cha maombi kati ya seva, vyeti vya usalama: hivyo dunia nzima inavihitaji kwa namna moja, na aliyeviandika amekutana na kasoro ambazo mimi ningezifikia baada ya miaka.

Chama kipya kikisaini sasa, msimbo wake ni faili moja fupi. Plan inasomwa na watu wawili, mmoja lazima awe yule asiyeiandika. Kinachochelewesha siku hizi ni mkataba na orodha ya wakulima, ambayo bado inakuja kwenye daftari, imeandikwa kwa mkono, majina mengine yamefutwa kwa maji ya mvua.

Mwaka huu mkurugenzi alirudi kutoka kongamano Dar akitaka Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi kwa pamoja. Kwa moduli ya EKS, ambayo ndiyo Kubernetes ya AWS, si kazi. Kijana wa mafunzo, ambaye sasa ni mwajiriwa, alianza asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne klasta ya majaribio ilikuwa imesimama. Tukaketi kuihesabu. Klasta yenyewe, bila seva hata moja ndani yake, ni dola 0.10 kwa saa, dola 73 hivi kwa mwezi, na vyama vinataka kila kimoja kiwe na yake. Kila toleo la Kubernetes lina miezi 14 ya huduma ya kawaida pale AWS. Ukichelewa kupandisha, saa moja inakuwa dola 0.60. Maana yake ni mtu wa kupandisha klasta zote, kila mwaka, milele, na sisi ni watatu. ECS, huduma nyingine ya AWS tunayoitumia kuendesha kontena, haitozi chochote kwa ajili ya uongozi wa klasta, na haijawahi kutukwamisha siku ya malipo.

Kijana ndiye aliyemweleza mkurugenzi, si mimi, na alikuja na karatasi yake ya miduara. Jioni aliifuta klasta. Mkurugenzi amesema tutaliongea tena msimu wa kahawa ukiisha, vyama vikishajua vimepata nini.